Intaneti ya nyumbani haishiki kwenye Linux: tafuta pakiti zinakwama wapi

Intaneti ikikata, mkono hukimbilia swichi ya ruta. Zima, washa, subiri. Mara nyingine inarudi, na ndiyo maana tabia hii haifi. Ubaya wake ni kwamba hata ikirudi hujajua ilikuwa na nini, na kesho saa zilezile inakata tena. Linux ina zana za kukuonyesha pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinakwama wapi, na ukienda kwa mpangilio kazi yenyewe ni ya dakika kumi: kwanza kadi ya kompyuta, kisha ruta, kisha nje ya nyumba, mwisho majina ya tovuti. Usiruke hatua. Anayeanza kuhangaika na DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) kumbe waya umelegea atamaliza jioni nzima bure.

Amri zilizo hapa ni za mifumo inayotumia NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao: Ubuntu, Fedora, Linux Mint, Debian yenye eneokazi, na ndugu zao. Kwenye mifano, enp3s0 ni kadi ya waya na wlp2s0 ni kadi ya Wi-Fi. Weka majina ya kadi zako.

Kabla ya kufungua terminali

Chukua simu, iunge kwenye Wi-Fi ya ruta hiyohiyo, zima data ya simu, halafu fungua tovuti ambayo hujaifungua leo. Kuzima data si jambo dogo: simu ikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia data kimyakimya, nawe ukabaki unaamini kwamba Wi-Fi ni nzima. Simu ikipata intaneti, tatizo liko kwenye kompyuta au kati ya kompyuta na ruta. Simu nayo ikikosa, yaelekea kompyuta yako haina kosa. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya nje ya nyumba.

Tazama taa pia. Kwenye ruta ya faiba, taa ya PON hutakiwa kuwaka bila kupepesa. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa: ule uzi mwembamba umekunjwa mno, umechomoka, au umekatika huko njiani. Hapo hakuna amri ya Linux itakayosaidia, na usichungulie ndani ya ncha ya faiba kuona kama inawaka, kwa sababu mwanga wake hauonekani na unaweza kuumiza jicho. Kwenye laini ya simu, taa ya DSL inayopepesa bila kutulia maana yake modemu bado inaitafuta laini.

Na tafadhali usiingize pini kwenye kitundu cha reset. Kitundu hicho hakiwashi ruta upya tu, kinafuta kila kitu, pamoja na jina na nenosiri la PPPoE (njia ambayo ruta hujitambulisha kwa mtoa huduma) ambalo fundi aliliingiza siku ya kufunga huduma na ambalo huenda huna. Tatizo lililokuwa dogo linageuka la kumsubiri fundi.

Kadi imewaka?

ip -br link

Majibu yanafanana na haya:

lo UNKNOWN 00:00:00:00:00:00 <LOOPBACK,UP,LOWER_UP>
enp3s0 DOWN 3c:aa:bb:10:20:30 <NO-CARRIER,BROADCAST,MULTICAST,UP>
wlp2s0 UP 3c:aa:bb:10:20:31 <BROADCAST,MULTICAST,UP,LOWER_UP>

Soma maneno yaliyo mwishoni mwa mstari, ndiyo yenye habari. UP peke yake inasema mfumo umeiwasha kadi. LOWER_UP inasema upande wa pili kuna kitu kweli. UP ikiwa pamoja na NO-CARRIER, kama kwenye enp3s0 hapo juu, kadi ni nzima ila waya hauna uhai: haujaingia hadi ukalia “tik”, kile kidole cha plastiki kimevunjika, au umechomekwa kwenye tundu lisilofanya kazi. Jaribu tundu jingine la ruta kabla ya kununua waya mpya.

Waya ukishika lakini kasi ikawa ya kusuasua, uliza ethtool:

sudo ethtool enp3s0 | grep Speed

Ikisema 100Mb/s wakati kadi na ruta zote ni za gigabiti, mshukiwa wa kwanza ni waya. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi 2 tu kati ya 4 zilizo ndani ya waya. Gigabiti inataka zote 4. Jozi moja ikikatika, vifaa viwili vinakubaliana kushuka na kuendelea bila kukuambia neno.

Kama kadi ya Wi-Fi haimo kabisa kwenye orodha, tafuta draiva yake, yaani programu inayoiendesha, kwa lspci -k (kwa zile za kuchomeka ni lsusb -t, ambapo draiva huandikwa baada ya “Driver=”). Kwenye lspci, chini ya kadi lazima kuwe na mstari unaoanza na “Kernel driver in use”. Mstari ukiwepo lakini kadi haifanyi kazi, mara nyingi ni famuwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi) iliyokosekana:

sudo dmesg | grep -i firmware

Ukiona “failed to load”, jina la faili linalotakiwa limeandikwa hapohapo. Kwenye Ubuntu na Fedora, famuwea nyingi zimo kwenye vifurushi vya linux-firmware. Kwenye Debian zimegawanywa, kwa mfano firmware-iwlwifi kwa kadi za Intel. Kuanzia Debian 12, ya mwaka 2023, kisakinishi huja na famuwea hizi, kwa hiyo tatizo hili hukuta zaidi mifumo ya zamani. Kupakua kifurushi bila intaneti kunaonekana kama kichekesho, lakini simu ya Android ikichomekwa kwa waya wa USB na kuwashiwa kushiriki intaneti, Linux huitambua kama kadi ya mtandao bila kusakinisha chochote.

Kadi ipo lakini inakataa kuwaka? Andika rfkill list. “Soft blocked: yes” ni kufuli la programu, linafunguka kwa rfkill unblock wifi. “Hard blocked: yes” ni swichi au kitufe kwenye mwili wa kompyuta, na hakuna amri ya kukishinda. Kitafute, wakati mwingine ni Fn pamoja na kimojawapo cha vitufe vya juu.

Umepewa anwani?

ip -br addr

Unatafuta anwani inayoanza na 192.168, 10, au 172.16 hadi 172.31. Ukiona fe80 peke yake, au 169.254, ujue ruta haijakupa anwani. Kompyuta imeita DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani, haikujibiwa, ikabaki bila kitu au ikajitungia anwani yake isiyofika popote.

Lazimisha muunganisho uanze upya, ukitumia jina lake kama linavyoonekana kwenye nmcli connection show:

nmcli connection up "Nyumbani"

Wakati huohuo, kwenye dirisha jingine, acha journalctl -fu NetworkManager ikikimbia. Ukiona inafika kwenye dhcp4 kisha inakata tamaa baada ya sekunde 45 hivi, yaani kikomo chake cha kawaida, kosa liko upande wa ruta: DHCP imezimwa, anwani zimekwisha kwa sababu vifaa ni vingi kuliko nafasi, au ruta inakuchuja kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi). Hilo la mwisho huwachanganya watu, kwa sababu NetworkManager inaweza kuwekwa itumie MAC ya kubuni kwenye Wi-Fi, na ruta inamwona mgeni kila siku.

Ikiwa nmcli device status inasema “unmanaged”, NetworkManager imeambiwa isiiguse kadi hiyo. Kwenye Debian, chanzo cha kawaida ni kadi kutajwa ndani ya /etc/network/interfaces. Acha mistari ya lo, iwekee alama ya # mistari ya kadi yako, kisha sudo systemctl restart NetworkManager.

Kwa Wi-Fi inayouliza nenosiri tena na tena ingawa unaandika lililo sahihi, futa kumbukumbu ya zamani ujiunge upya:

nmcli connection delete "Nyumbani"
nmcli --ask device wifi connect "Nyumbani"

Ikishindikana bado, andika journalctl -b | grep wpa_supplicant. Maneno “4-Way Handshake failed - pre-shared key may be incorrect” kwa kawaida yanamaanisha hivyohivyo, nenosiri si lenyewe. Lakini kama hayapo na ruta imewekwa WPA3 (aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi) pekee, kadi ya zamani haitaingia hata ukiandika nenosiri mara mia. Badilisha ruta iwe WPA2 na WPA3 kwa pamoja.

Njia ya kutokea

ip route

Mstari mmoja ndio unaotafutwa:

default via 192.168.1.1 dev wlp2s0 proto dhcp metric 600

Huo unasema: chochote kisichojulikana, mpe 192.168.1.1, yaani ruta. Usipokuwepo, hutoki nje ya nyumba. Ikiwepo mistari miwili ya default, yenye namba ndogo ya metric ndiyo inayoshinda, na NetworkManager hupa waya 100 na Wi-Fi 600. Basi ukiacha waya umechomekwa kwenye kifaa kinachogawa anwani lakini hakina intaneti, kompyuta inaweza kuendelea kupeleka kila kitu huko, na Wi-Fi yako nzima imekaa bure. Namba kama 20600 nayo ina maana yake: NetworkManager imepima, haikuona intaneti kwenye kadi hiyo, ikaiongezea 20000 ili isukumwe nyuma.

Angalia pia kama kuna tun0 au wg0 kwenye orodha. VPN iliyokufa vibaya huacha njia zake nyuma, na pakiti zinaingia kwenye handaki ambalo halina mwisho wa pili. Funga VPN kabisa ndipo upime.

Ping tatu

Hapa ndipo penye jibu, kwa hiyo nenda polepole. Ping hutuma pakiti ndogo na kungoja jibu. Pima ruta, kisha anwani ya nje, kisha jina:

ping -c 4 192.168.1.1
ping -c 4 1.1.1.1
ping -c 4 debian.org

Watu wengi hutazama tu kama imejibu au haijajibu. Kosa lenyewe lina habari zaidi, na kila moja linaelekeza kwake.

“Network is unreachable” inatoka ndani ya kompyuta yako. Haikutuma chochote, kwa sababu haikujua pa kupitia. Rudi kwenye ip route.

“Destination Host Unreachable” ikianza na From na anwani yako mwenyewe, kompyuta ilipiga kelele kwenye mtandao wa nyumbani kuuliza nani ana anwani ile, na hakuna aliyeitika. Thibitisha kwa ip neigh: ruta itakuwa FAILED au INCOMPLETE. Umejiunga na ruta ya jirani, anwani uliyoiweka kwa mkono haifanani na ya ruta, au Wi-Fi inaonekana imeshika lakini imekufa.

Kimya kitupu, na mwishoni “100% packet loss”, ni habari tofauti. Pakiti ziliondoka, majibu hayakurudi. Ruta ikijibu vizuri na 1.1.1.1 ikanyamaza, kosa liko nje ya nyumba au kwenye ruta upande wa nje. Hata hivyo baadhi ya mitandao huzuia ping makusudi, basi kabla ya kulaumu jaribu curl -I https://1.1.1.1 uone kama kuna jibu.

“Temporary failure in name resolution”, huku 1.1.1.1 ikijibu, ni habari njema. Intaneti ipo, kilichokosekana ni kitabu cha majina.

Kosa likiwa nje

Fungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari, kwa kawaida http://192.168.1.1 au anwani yoyote iliyoandikwa baada ya via. Tafuta hali ya WAN, yaani upande wa ruta unaotazama intaneti. Ikiwa tupu au 0.0.0.0, ruta yenyewe haijapata intaneti: PPPoE imekataliwa, malipo yamekwisha, au laini imekatika. Anwani inayoanza na 100.64 hadi 100.127 si kosa. Mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kuvinjari hakuathiriki, ingawa kufungulia seva ya nyumbani kutoka nje ndiko kutakakokwama.

Kuna hitilafu moja inayowapata walionunua ruta ya pili na kuichomeka nyuma ya ile ya mtoa huduma. Zote mbili zimetoka kiwandani na 192.168.1.1. Ruta yako inapata 192.168.1.x upande wa nje na inagawa 192.168.1.x upande wa ndani, basi haijui nje ni wapi na ndani ni wapi. Badilisha anwani ya ndani ya ruta yako iwe 192.168.50.1, washa upya, na mambo yanatulia.

Ukiamua sasa kuzima na kuwasha, fuata mpangilio. Zima vyote, ngoja sekunde 30, washa modemu au kifaa cha faiba kwanza. Taa zake zikitulia, kwa kawaida dakika 2 au 3, ndipo uwashe ruta. Ukiviwasha pamoja, ruta inaweza kuomba anwani kabla modemu haijawa tayari, na ruta nyingine huchelewa sana kuomba tena.

Majina hayapatikani

Linganisha majibu ya ruta na ya seva ya nje:

dig @192.168.1.1 debian.org +short
dig @1.1.1.1 debian.org +short

Ya pili ikijibu na ya kwanza ikakwama, huduma ya DNS ndani ya ruta imeganda. Kuiwasha upya kutaiamsha, au ipite kabisa:

nmcli connection modify "Nyumbani" ipv4.dns "1.1.1.1 9.9.9.9" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "Nyumbani"

Usihariri kwa mkono faili la /etc/resolv.conf, linalotaja seva za DNS. Kwenye mifumo mingi ya sasa litaandikwa upya, na utashangaa kwa nini dawa inaisha nguvu kila ukiwasha kompyuta. Pia usishtuke ukikuta ndani yake 127.0.0.53. Hiyo ni systemd-resolved inayosikiliza ndani ya kompyuta, na seva halisi zinaonekana kwa resolvectl status. Ila kama unatumia Ubuntu na faili hilo lina anwani ya ajabu iliyoachwa na VPN, lirudishe kwenye kiungo chake:

sudo ln -sf /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf

Baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine hapana

Ping zote tatu zinajibu, lakini kivinjari kinazunguka tu. Anza na saa. Andika timedatectl. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka, vyeti vya HTTPS vyote vinaonekana havijaanza kufanya kazi, na betri ndogo ya ubao mama ndiyo mshukiwa. Amri ya sudo timedatectl set-ntp true huirekebisha kwa sasa, betri badilisha.

Saa ikiwa sawa, pima ukubwa wa pakiti:

ping -M do -s 1472 -c 3 1.1.1.1

Baiti 1472 ukijumlisha 28 za vichwa unapata 1500, ukubwa wa kawaida wa Ethernet. PPPoE hula baiti 8, kwa hiyo laini hizo hupitisha 1492, na namba ya kujaribu ni 1464. Ikiwa 1472 inagoma na 1464 inapita, na kuna tovuti zinazokwama, basi pakiti kubwa zinatupwa njiani bila mtumaji kuambiwa. Tiba nzuri iko kwenye ruta: weka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya WAN iwe 1492. Usipoweza kuingia kwenye ruta, punguza kwenye kompyuta:

nmcli connection modify "Nyumbani" 802-11-wireless.mtu 1492

Kwa waya ni 802-3-ethernet.mtu. Kisha connection up tena.

Mwisho linganisha curl -4 -I https://debian.org na curl -6 -I https://debian.org. Kompyuta ikiwa na anwani ya kimataifa ya IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti) lakini ya -6 ikakwama, ruta inagawa IPv6 isiyofika mbali. Kuzima kwa ipv6.method disabled kwenye muunganisho huo ni bandeji tu, lakini ni bandeji inayokuwezesha kufanya kazi leo.

Wi-Fi inayokatakata

Acha ping 192.168.1.1 ikimbie dakika mbili huku hufanyi kitu kingine. Muda wa milisekunde 2, 3, 2, halafu 180, halafu 3, halafu 210, kwenye chumba kilekile chenye ruta, ni dalili ya kadi inayosinzia ili kuokoa betri. Ijaribu ikiwa macho:

sudo iw dev wlp2s0 set power_save off

Namba zikitulia, fanya iwe ya kudumu kwa nmcli connection modify "Nyumbani" 802-11-wireless.powersave 2. Hapa 2 ni kuzima na 3 ni kuwasha. Ni rahisi kukosea.

Zisipotulia, angalia nguvu ya mawimbi kwa iw dev wlp2s0 link. Namba ya signal ni hasi: -50 dBm ni nzuri sana, -67 inatosha kwa video, kuelekea -80 usitegemee kitu. Mawimbi yakiwa na nguvu na bado inakatika, mtandao umesongamana. Andika nmcli -f SSID,CHAN,SIGNAL device wifi list uone majirani wako kwenye chaneli zipi. Kwenye GHz 2.4 chagua 1, 6 au 11 pekee. Ukikaa kwenye 3 au 4 unagombana na pande zote mbili. Hamia GHz 5 kama umbali unaruhusu. Na kama una diski ya USB 3.0 iliyochomekwa karibu na kadi ndogo ya Wi-Fi ya USB, zitenganishe kwa waya wa kurefusha, kwa sababu USB 3.0 hutoa kelele kwenye GHz 2.4.

Ukilazimika kumpigia mtoa huduma

Mpelekee kipimo, si malalamiko. Unga kompyuta kwa waya, ili asisingizie Wi-Fi, kisha:

mtr -rwn -c 200 1.1.1.1 > ripoti.txt

Amri hii hupima kila kituo kilicho njiani, na itachukua dakika tatu na kidogo. Mstari wa kwanza ni ruta yako, wa pili kwa kawaida tayari ni wa mtoa huduma. Kituo cha katikati kinachoonyesha kupoteza pakiti 60% huku vinavyofuata vikionyesha 0% hakina ubaya, ruta za njiani hupuuza ping zinapokuwa na kazi. Upotevu unaohesabika ni ule unaoanza mahali fulani na kuendelea hadi mstari wa mwisho. Ukianza kwenye mstari wa pili, mtumie faili hilo pamoja na saa kamili ulipopima na rangi ya taa za kifaa. Ukianza kwenye wa kwanza, rudi kwenye waya.